Kusoma majalada ya mahakama za kikoloni unapotafuta ndoa za ukoo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu majalada ya Zanzibar, Kenya na Tanganyika, kuanzia miaka ya 1890 hadi uhuru. Pwani na visiwani yana uzito zaidi, maana huko ndiko kadhi alikoandika mapema na kwa wingi. Mambo ya bara yamo katika maswali ya 3, 11 na 14.

## Ya mwanzo

1. Nimekuta jalada la kesi lenye jina la bibi yangu. Je, hiki ndicho cheti chake cha ndoa?

Hapana. Ndoa nyingi za wakati ule zilifungwa kwa mdomo, mbele ya walii (mwozeshaji wa mke) na mashahidi wawili, au kwa wazee kupokea mahari. Hakuna aliyeshika kalamu. Mahakama iliingia pale watu walipokosana: mume kadai mke arudi nyumbani, mke kadai masurufu, ndugu wamegombea shamba la marehemu. Unachokiona ndani ya jalada ni ndoa iliyotazamwa kutoka upande wa ugomvi wake.

Kwa hiyo tarehe iliyo juu ya jalada ni ya kesi. Ndoa yenyewe inaweza kuwa imetangulia kwa mwezi mmoja au kwa miaka thelathini. Vilevile, usipoona jalada lolote, usiseme hawakuoana. Ndoa iliyotulia haikuacha karatasi mahakamani.

Hata hivyo jalada hutaja mambo ambayo cheti hakiyataji kabisa: nani alimwozesha bibi, mahari ilikuwa kiasi gani na ngapi zilibaki deni, walikaa nyumba ya nani, jirani gani alikuwepo siku ya harusi.

2. Niwe na nini mkononi kabla ya kwenda kwenye nyaraka?

Majina matatu ya kila mtu (lake, la baba, la babu), nisba (jina la ukoo) au kabila, mji na mtaa, dini na madhehebu, na makadirio ya miaka. Kisha ongeza jambo ambalo wengi husahau: majina ya ndugu wa kiume wa bibi na ya baba zake wadogo. Hao ndio waliosimama kama walii na mawakili, na mara nyingi kesi imefunguliwa kwa jina la mmoja wao huku bibi akitajwa ndani tu.

Ukikaa na wazee, usianze na "aliolewa lini?" Uliza "nani alimwozesha?" na "kilemba alipokea nani?" Miaka husahaulika upesi. Aliyepokea kilemba, yaani malipo ya baba wa bibi harusi, hasahauliki.

3. Nitajuaje ni mahakama gani iliyosikiliza shauri la watu wangu?

Inategemea walikuwa raia wa nani, dini gani, na mwaka gani.

Zanzibar, raia wa Sultani walikwenda kwa kadhi, na makadhi walikuwa wa pande mbili: wa Kisunni, aliyehukumu kwa madhehebu ya Shafii, na wa Kiibadhi. Wahindi wengi, wakiwemo Makhoja na Mabohora, walihesabiwa kuwa raia wa Uingereza, hivyo mashauri yao yaliangukia mahakama ya Kiingereza. Mtu aliyepekua daftari za kadhi mwaka mzima akimtafuta babu wa Kihindi huenda alikuwa anatafuta mahali pasipo pake.

Pwani ya Kenya kulikuwa na kadhi, na maafisa wa utawala walioitwa mudiri na liwali. Kadhi alishika ndoa, talaka na mirathi, naye liwali alishika madai mengine na makosa madogo. Sheria ya 1906 ilileta uandikishaji wa ndoa na talaka za Kiislamu, na ya 1920 ikahusu ndoa, talaka na mirathi yao. Ndoa za kiserikali zilikuwa na sheria yake ya 1902, za Wakristo Waafrika ya 1904, kisha ya 1931. Bara ya Kenya mashauri ya kimila yalikuwa mbele ya mabaraza ya wazee, ambayo sheria ya 1930 iliyapa sura mpya na ya 1951 ikayageuza tena.

Tanganyika chini ya Wajerumani, shauri lilianza kwa jumbe (mkuu wa kijiji), akida (aliyekuwa juu ya majumbe) au liwali, na kubwa zaidi likafika kwa mkuu wa wilaya, aliyeketi siku maalumu za mashauri. Sehemu kubwa ya karatasi hizo ilipotea wakati wa vita ya 1914–1918. Chini ya Waingereza mahakama za wenyeji ziliwekwa kwa sheria ya 1920, zikapangwa upya mwaka 1929, na mwaka 1951 zikapewa jina la mahakama za mitaa. Jina la mahakama likibadilika, daftari nalo hubadilika, na hesabu ya kesi huanza upya kwenye namba 1. Ndiyo maana namba ya kesi bila mwaka na bila jina la mahakama haikusaidii kitu.

Usisahau rufaa. Daftari la baraza likiwa limeliwa na mchwa, nakala ya hukumu inaweza kuwa salama katika faili la Bwana Shauri au la DC (mkuu wa wilaya), kwa sababu rufaa ilipanda kwake.

4. Majalada yenyewe yako wapi leo?

Nyaraka za Taifa Zanzibar ziko Kilimani. Za Tanzania Bara ziko Dar es Salaam, Upanga, na mafaili ya wakati wa Wajerumani hutambulika kwa herufi G mwanzoni mwa namba. Za Kenya ziko Nairobi, Moi Avenue, zikiwa na matawi likiwemo la Mombasa. Huko namba huanza na DC kwa faili za wilaya na PC kwa za jimbo, kisha kifupi cha mahali.

Si kila daftari lilihamishwa. Mengine yangali kwenye mahakama za makadhi na za wilaya. Kwa Wakristo, daftari za misheni hujaza pengo: Bagamoyo ilianza 1868 na Freretown, Mombasa, 1875, na zote mbili zilipokea watu waliotolewa utumwani, ambao ndoa zao huwezi kuziona kwa kadhi.

## Tarehe, fedha na majina

5. Tarehe ni ya Hijria. Naigeuzaje?

Kwa makadirio ya haraka, zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97, kisha ongeza 622. Mwaka 1318 unakupa takriban 1900.5, na kweli 1318 ulianza Mei 1900 ukaisha Aprili 1901. Bila mwezi, basi, andika miaka yote miwili. Ukiwa na mwezi na siku, tumia jedwali, na bado acha nafasi ya siku moja au mbili kwa sababu mwezi ulifuatwa kwa kuandama.

Kuna mitego miwili inayowanasa hata wenyeji. Wa kwanza ni majina ya miezi ya Kiswahili. *Mfungo sita* si mwezi wa sita. Hesabu huanza baada ya Ramadhani: mfungo mosi ni Shawwal, mfungo nne ni Muharram, na mfungo sita ni Rabiul-awwal, mwezi wa tatu wa mwaka wa Hijria. Mtego wa pili ni usiku. Siku huanza jua likichwa, kwa hiyo shahidi akisema harusi ilikuwa "usiku wa Ijumaa", anasema ule tunaouita leo Alhamisi usiku. Mawakili wa Kizungu walifanya hili kuwa hoja ya kumwita shahidi mwongo. Shahidi alikuwa sahihi.

6. Mahari imetajwa kwa riali, rupia, florini au shilingi. Inanifaa nini?

Inakusaidia kukisia mwaka. Riali, yaani dola ya Maria Theresa, ilikuwa na thamani ya rupia mbili na kitu, na iliendelea kutajwa katika mahari hata pale malipo yalipokuwa ya rupia. Rupia 1 ilikuwa anna 16 au pesa 64, na rupia 15 zilifanya pauni moja. Upande wa Wajerumani, rupia iligawanywa kwa heller 100 kuanzia 1904. Kwa hiyo ukiona heller, unajua uko wapi na wakati gani.

Kenya na Tanganyika ziliacha rupia mwanzoni mwa miaka ya 1920, baada ya rupia kuwekwa kuwa shilingi 2. Florini ilipita kwa muda mfupi tu, hivyo hati yenye florini ina tarehe yake tayari. Zanzibar ilikaa na rupia hadi mwisho wa 1935. Kuanzia Januari 1936 rupia 1 ikawa shilingi 1.50. Sasa angalia: mke anadai mbele ya kadhi wa Unguja, mwaka 1941, mahari iliyobaki ya shilingi 37.50. Nani alipatana mahari ya shilingi 37.50? Hiyo ni rupia 25 iliyogeuzwa, na ndoa yake kwa hakika kubwa ilifungwa kabla ya 1936.

Tofautisha pia mahari na mengineyo. Mahari ni haki ya mke, sehemu yake ikilipwa mbele na sehemu ikibaki deni hadi talaka au kifo. Kilemba ni cha baba, mkaja ni wa mama. Karani asiyejali aliyajumlisha yote, ndiyo maana jalada moja linaweza kutaja "mahari" mbili zisizolingana.

7. Jina la mtu mmoja limeandikwa namna tatu. Nitajuaje ni yeye?

Kwanza jiulize karani alikuwa anaandika kwa mkono wa nani. Mjerumani aliandika Bagamojo na Udjidji. Basi j yake ni y yetu, dj au dsch ni j, tsch ni ch. Karani wa bara alibadilishana l na r kadiri ya lugha ya nyumbani kwake.

Hati za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu zina ugumu wake. Mwandishi wa zamani mara nyingi hakutenga e na i, wala o na u. P aliiandika b, v aliiandika f, na sauti kama mb na nd alizipunguza zikabaki b na d. Neno Pemba linaweza kuonekana "Biba" kwa msomaji mgeni. Soma kwa sauti, na msomee mzee wa mtaa huo. Sikio lake litalikamata jina ambalo jicho lako limelipita.

Mtambue mtu kwa alama angalau tatu zinazokubaliana, kwa mfano jina la baba, mtaa na jina la walii. Jina peke yake halitoshi, kwa sababu akina Juma bin Salim wako wengi. Na uangalie kifupi "b.": kimesimama kwa *bin* na pia kwa *binti*, na kimewageuza wanawake wengi kuwa wanaume katika faharasa.

8. Shahidi anasema "ndugu yangu" au "baba yangu". Niamini hivyo hivyo?

Amini, ila uliza ndugu kwa vipi. Baba mdogo ni baba, na mtoto wa ami ni ndugu. Mkalimani alipolitia neno hilo katika Kiingereza likawa ndugu wa tumbo moja, na hakimu akaliandika hivyo. Njia ya kutatua ni mirathi: ami hurithi kwa upande wa kiume, mjomba hana fungu la namna hiyo. Angalia nani alipewa nini (swali la 10).

## Kulisoma shauri lenyewe

9. Kila mtu katika jalada anasema lake. Nimwamini nani?

Usianze na hukumu. Hukumu hufupisha, na hakimu huacha nje kila kisichohusu uamuzi wake, wakati wewe unakitafuta hicho hicho. Soma madai, majibu, ushahidi, vielelezo, kisha hukumu.

Halafu pima kauli. Ya juu kabisa ni ile ambayo mdai na mdaiwa wameikubali wote. Mume anasema mke alitoroka na mke anasema alifukuzwa, lakini wote wanasema walioana mwaka ule Mkunazini kwa rupia 40: hapo ndoa umeipata. Inayofuata ni kauli inayomwumiza msemaji mwenyewe, kama mume anayekiri kwamba mahari hajaimaliza. Baada yake ni shahidi asiye na faida, hasa mwalimu aliyefungisha au jirani. Ya mwisho ni kauli ya upande mmoja iliyopingwa.

Kumbuka pia kwamba "mimi" ya jaladani si sauti ya shahidi. Aliongea Kiswahili au lugha ya kwao, mkalimani akageuza, hakimu akaandika muhtasari kwa nafsi ya kwanza. Umri nao ni wa kukisiwa kwa macho. Ukiona 30, 35, 40 mfululizo, soma "mtu mzima" tu.

10. Jalada ni la mirathi, na ndoa haikutajwa. Je, linanifaa?

Hilo ndilo bora kuliko yote, na watu hulipita. Mafungu ya faradhi (ya mirathi ya Kiislamu) hayabadiliki, hivyo unaweza kwenda kinyume: kutoka kwenye fedha hadi kwenye familia.

Mke hupata 1/8 marehemu akiwa na watoto, na 1/4 akiwa hana. Wake wakiwa zaidi ya mmoja, hugawana fungu hilo hilo. Mume hupata 1/4 mke akiacha watoto, 1/2 asipoacha. Mama hupata 1/6 pakiwa na watoto. Mtoto wa kiume hupata mara mbili ya wa kike.

Chukua mfano wa rupia 960 baada ya mazishi na madeni. Binti Fulani amepewa 60. Fungu la mke mwenye kuachiwa watoto ni 120. Basi alikuwapo mke wa pili, hata kama jina lake liko kwenye ukurasa uliochanika. Zinazobaki ni 840. Ukiona wawili wamepata 240 kila mmoja na watatu 120 kila mmoja, unao wana wawili na mabinti watatu. Hesabu ikikataa, usilazimishe. Huenda pana mama wa marehemu aliye hai, wasia (usiozidi theluthi), au deni la mahari lililotolewa kwanza. Deni hilo la mahari lenyewe ni ushahidi wa ndoa.

Mwanamke aliyepewa talaka rejea (ambayo mume anaweza kumrudia) na eda yake, yaani muda wa kungoja, haijaisha bado hurithi kama mke. Kwa hiyo "mjane" wa jaladani anaweza kuwa yule ambaye familia yako humkumbuka kama aliyeachwa. Kumbukumbu zote mbili ni za kweli.

11. Kwa watu wa bara, kesi ni za ng'ombe na mbuzi tupu. Ndoa iko wapi?

Iko kwenye mifugo hiyo hiyo. Kesi ya kurudisha mahari inaorodhesha wanyama mmoja mmoja, nani aliwatoa, nani aliwapokea, na wangapi walibaki. Waliotoa ni ukoo wa mume, waliopokea ni ukoo wa mke. Andika kila jina. Wanyama wakirudishwa pungufu, mara nyingi sababu ni watoto waliozaliwa, hivyo idadi ya waliokatwa inaweza kukuonyesha watoto ambao hawakutajwa. Kanuni ya makato ilitofautiana kila kabila. Usitumie kanuni zilizoandikwa kwa Tanganyika mwaka 1963 kusomea kesi ya 1925.

12. Talaka, khului, fasikhi, rejea: tofauti yake ina maana gani kwangu?

Talaka hutoka kwa mume. Rejea ni mume kumrudia mke kabla eda haijaisha. Khului ni mke kujivua kwa kurudisha mahari au kulipa kitu, na hapo kiasi kilichotajwa hukuonyesha mahari ya asili. Fasikhi ni kadhi kuivunja ndoa, kwa kawaida mume akiwa ametoweka bila kuacha masurufu: baharia, mpagazi, mtu aliyekwenda bara asirudi. Kesi ya fasikhi ni hazina kwa anayemtafuta huyo mume aliyepotea, kwani lazima mashahidi waseme alionekana mwisho wapi na lini.

Eda hukusaidia kupanga tarehe. Aliyeachwa hukaa twahara tatu (vipindi vya usafi kati ya hedhi), mjane miezi minne na siku kumi, mwenye mimba hadi ajifungue. Ndoa mpya haiwezi kutangulia hapo. Ikitangulia, tarehe yako moja ina kosa, au ndoa hiyo ilikuja kupingwa na kuna jalada jingine la kutafuta.

## Yaliyo mazito

13. Bibi ameitwa suria. Je, watoto wake hawakuwa halali?

Walikuwa halali. Suria ni mtumwa wa kike aliyekaa na bwana wake kama mke. Kwa sheria ya Kiislamu mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba ni huru, na hurithi sawasawa na mtoto wa mke. Kukosekana kwa ndoa katika jalada si doa kwao, na katika mirathi utawakuta na mafungu kamili. Tafuta kauli ya baba ya kukiri mtoto. Mara nyingi hati huanza kwa "amekiri fulani".

Miaka ina uzito hapa. Tangazo la Zanzibar la Aprili 1897 liliondoa hali ya utumwa kisheria, lakini masuria liliwaacha nje hadi 1909. Pwani ya Kenya ni 1907. Kwa Wajerumani, watoto wa watumwa wa nyumbani waliozaliwa baada ya 1905 walikuwa huru, na utumwa wenyewe ulifutwa Tanganyika mwaka 1922 chini ya Waingereza. Mwanamke anayeitwa "mke" mwaka 1912 anaweza kuwa alikuwa suria mwaka 1905, mume yule yule na nyumba ile ile.

Kwa aliyeachwa huru, angalia walii: mara nyingi ni bwana wake wa zamani. Akifa bila warithi wa damu, bwana huyo au watoto wake walidai mali kwa haki ya walaa, yaani haki ya aliyemwacha huru mtumwa. Kwa hiyo mtu anayeonekana kama "ukoo" wake kwenye jalada huenda hakuwa damu yake. Na mpinzani akisema mahakamani kwamba babu yako alikuwa mtumwa, hiyo ni hoja ya kesi, hasa pale ndugu wa mke walipotaka kuvunja ndoa kwa kudai mume si kufu yake (si wa hadhi yake). Irudishe kwenye mizani ya swali la 9.

14. Hakimu ameandika kwamba watu hawa hawakuwa mume na mke. Basi hawakuoana?

Walioana kwa mila yao; mahakama ndiyo iliyokataa kuiita ndoa. Mwaka 1917, katika shauri la Amkeyo, Jaji Mkuu Hamilton wa Afrika Mashariki alisema ndoa ya kimila ni ununuzi wa mke na haistahili jina la ndoa. Hoja pale ilikuwa kama mke anaweza kulazimishwa kutoa ushahidi dhidi ya mumewe. Wazo hilo liliwaumiza watu wengi, na limeacha majalada yanayomwita bibi wa watu "mwanamke anayeishi na mshtakiwa". Katika mti wa ukoo mwandike mke.

15. Mtoto alizaliwa zaidi ya mwaka baada ya mume kuondoka, na kadhi amempa mume huyo mtoto. Ni kosa?

Si kosa la kadhi. Kwa Shafii, muda mfupi wa mimba ni miezi sita na mrefu kabisa ni miaka minne. Kadhi alilinda nasaba ya mtoto na heshima ya mama. Ubaba wa jalada ni wa kisheria. Mwandike baba huyo, na damu uitafute kwa njia nyingine kama unaihitaji.

16. Jalada halina hukumu. Nimalizeje?

Tafuta kwanza daftari la ada na faini la mwaka ule, kwa sababu aliyeshinda na aliyeshindwa hulipa tofauti. Kisha tafuta rufaa (swali la 3), halafu kesi nyingine kati ya watu hao hao ndani ya miaka mitano. Kesi iliyofutwa kwa mdai kutofika haikusema kama madai yalikuwa kweli au uongo. Mara nyingi wazee walisuluhisha nje.

17. Niandikeje nilichopata kwenye mti wa ukoo?

Andika kauli, msemaji na nguvu yake. Kwa mfano: "Ndoa, Unguja, kabla ya 1936, kauli ya mke, mume hakuipinga, kesi ya madai ya mahari, 1941", kisha namba kamili ya jalada na ya ukurasa. Piga picha ya ukurasa mzima, pamoja na pembe na namba, si mstari wenye jina peke yake. Ukigundua baadaye kwamba "b." ilikuwa *binti*, utahitaji kurudi kwenye ukurasa huo.